Wewe ni Baba wa Nani?

"Wewe ni baba wa nani?"

Aliyeniuliza alikuwa binti wa miaka kama saba, kichwa kitupu kama yai, ameshika nguzo ya dripu yake kwa mkono mmoja na kuisukuma kana kwamba ni baiskeli. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kitanda kifupi, visigino vikining'inia nje, chini ya ukuta uliochorwa samaki wa rangi rangi. Nikamwambia mimi si baba wa mtu, mimi ni mgonjwa. Akanikagua kuanzia nyayo mpaka ndevu, akaguna, akaondoka kwenda kuwaita wenzake waje kushuhudia.

Nilikuwa na miaka 23. Ugonjwa wangu ulikuwa sakoma ya Ewing, saratani ya mfupa inayowapata zaidi walio kati ya miaka 10 na 20. Ukiwa na 23 hujaenda mbali na hapo, lakini hospitali haziangalii hivyo. Kuna mlango wa watoto na kuna mlango wa watu wazima, na tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayokuonyesha pa kuingilia. Mimi nilianza na mlango wa watu wazima nikamalizia kwa watoto. Miaka tisa imepita, na watu wanaopatwa na jambo kama langu bado hunitafuta kuuliza. Nimeona niandike mara moja, niache kurudia.

Maumivu yalianza chini kidogo ya goti la kulia, upande wa nje, kwenye ule mfupa mwembamba unaoandamana na muundi. Nilikuwa mcheza mpira, kwa hiyo jibu lilipatikana kabla hata ya swali: nimepigwa teke. Yakaja, yakaondoka, yakarudi. Kitu ambacho leo ningekipigia kelele ni kwamba yalizidi usiku. Jeraha la uwanjani hutulia ukilala. Hili liliniamsha saa nane za usiku, nikakaa kitako gizani nikiusugua mguu mpaka alfajiri, kisha mchana nikachechemea kazini nikiwaambia watu ni mpira tu.

Baada ya miezi mitatu palitokea uvimbe, wenye joto ukiugusa, na homa ya hapa na pale. Uvimbe wa moto pamoja na homa, nani atafikiria saratani? Nikaambiwa mfupa una usaha, nikapewa antibiotiki. Homa ikashuka wiki nzima, nyumbani tukashukuru, kisha ikarudi. Baadaye nilielezwa kwamba hiyo ni tabia yake hasa. Ugonjwa huu huiga maambukizi ya mfupa kiasi kwamba hata chembe nyeupe hupanda kwenye kipimo cha damu, na eksirei inaweza kumdanganya mtu mwenye haraka. Kwenye eksirei yangu utando wa mfupa ulikuwa umejijenga tabaka juu ya tabaka, na madaktari wana jina la sura hiyo: maganda ya kitunguu. Picha hiyo ilikaa kwenye bahasha wiki tano kabla mtu hajaitazama vizuri.

Kisha likatendeka kosa ambalo bado nalibeba mguuni. Daktari wa upasuaji wa hospitali ya kwanza aliamua kupasua ili usaha utoke. Alikata kwa kukingamisha, kutoka mbele ya mguu kwenda nyuma. Kilichotoka kilikuwa kitu laini cha kijivu, kinachofanana na usaha lakini sicho. Bahati yangu yote ya mwaka ule ilikuwa kwamba aliingiwa na shaka akapeleka kipande maabara badala ya kukitupa.

Hili la kukata nitalieleza kwa kirefu, maana ndilo ninaloulizwa kidogo kuliko yote na ndilo linalogharimu zaidi. Kisu kinachogusa uvimbe wa namna hii huchukua chembe zake na kuzipaka njia nzima kilikopitia. Kwa hiyo daktari atakayekuja kuutoa uvimbe lazima aitoe na njia hiyo pia, ngozi na nyama. Kovu likienda urefu wa mguu, hukatwa kipande chembamba na ngozi hushonwa. Likikingama, hukatwa eneo pana. Langu lilikingama, na ndiyo sababu leo paja langu la kushoto lina alama ya mraba, pale walipochuna ngozi ya kwenda kuziba pengo la kulia. Mkubwa wa wodi ya mifupa aliponiona mara ya kwanza alisimama akilitazama lile kovu muda mrefu, hakusema neno, akaandika kitu. Uvimbe wa mfupa usioeleweka usiguswe kabla picha ya MRI haijapigwa, na anayechukua kinyama, yaani kile kipande cha kupimwa maabara, awe ndiye atakayefanya upasuaji wenyewe, au walau awe amekwisha kuongea naye. Kuchukua kinyama kunaonekana jambo dogo sana. Ndiyo maana hufanywa na yeyote aliyeko zamu.

Majibu ya maabara ya kwanza yalikuja na alama ya kuulizia. Chini ya darubini chembe za Ewing ni vidoa vidogo vya mviringo, vya bluu kwa ile rangi wanayotia, na ziko saratani kadhaa zenye sura hiyohiyo, mojawapo ikiwa ya mitoki. Kipande kikapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, yaani wa kusoma magonjwa chini ya darubini, anayeshughulika na sakoma tu, saratani za mifupa na nyama, naye akafanya kipimo cha vinasaba. Hapo ndipo jina likathibitika. Katika chembe moja ya mwili wangu, kromosomu ya 11 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande, jeni mbili zisizohusiana, EWSR1 na FLI1, zikaungana na kuanza kutoa amri ambazo hazijawahi kuwepo. Muungano huo ulitambuliwa mwaka 1992 na hupatikana katika visa kama 85 kwa kila 100 vya ugonjwa huu. Ugonjwa wenyewe una jina la James Ewing, mwanapatholojia wa New York, aliyeueleza mwaka 1921 baada ya kuona kwamba kuna uvimbe wa mfupa unaonywea kwa mionzi wakati ule wa kawaida haunywei.

Mama alisikiliza yote hayo mikono ikiwa mapajani, kisha akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa likimtafuna kwa wiki nyingi. "Daktari, nilikula nini nikiwa na mimba yake?" Daktari akamwambia haya hayarithiwi na hayatokani na chakula, ni ajali iliyotokea ndani ya chembe moja, na hakuna mtu yeyote aliyeisababisha. Mama akaitikia kwa kichwa. Tulipofika kwenye lifti akaniuliza tena mimi, kwa sauti ya chini, kama nadhani daktari anasema kweli au anamstahi tu.

Sasa nije kwenye milango miwili.

Daktari wangu wa saratani upande wa watu wazima alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo bila kejeli. Wagonjwa wake wengi walikuwa na umri wa wazazi wangu na babu zangu: matiti, tezi dume, mapafu, utumbo. Watu wenye sukari, presha, figo zilizochoka. Kwa wagonjwa hao, daktari mwenye hekima ni yule anayejua kupunguza dozi na kuahirisha. Nikapewa mzunguko wa kwanza wa tibakemikali, au kemo kama sote tulivyoiita wodini, kwa dawa mbili ambazo hutumika kwa sakoma za watu wazima. Nilipaswa kurudi baada ya wiki tatu. Siku ilipofika damu yangu ilikuwa imepanda lakini si kwa kiwango alichokipenda. "Tumpumzishe kidogo," akamwambia dada yangu. Wiki ya nne ikapita. Wiki ya tano ikaanza, na mimi, kusema ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nakula, nalala, na nywele za kifuani zilikuwa zinaanza kuota.

Dada yangu hakufurahi. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na ni mwalimu wa hesabu, mtu wa daftari la miraba. Aliingia kwa daktari bila kuketi akauliza, "Samahani daktari, wagonjwa wa ugonjwa huu umewatibu wangapi?"

Daktari angeweza kukasirika. Alinyamaza, akahesabu kwa kweli, macho yakiwa darini. "Wawili," akasema. "Na wa kwanza nilikuwa bado mwanafunzi." Kisha akainua simu mbele yetu, akampigia mwenzake wa jengo la watoto. Nimekutana na madaktari wengi tangu hapo, wengine mabingwa wa ugonjwa huu hasa, na bado yule aliyesema "wawili" ndiye ninayemshukuru kwanza.

Daktari wa watoto aliongea nasi saa nzima, akichora nyuma ya fomu ya damu. Alisema zamani, wagonjwa walipokuwa wakipasuliwa au kupigwa mionzi peke yake, wengi mno walifariki, kwa sababu mbegu za ugonjwa huwa zimekwisha kusafiri hata kama hakuna picha inayoziona. Kemo ndiyo inayozifuata huko ziliko. Na kemo ya Ewing imejengwa kwa dawa tano zinazopokezana. Awamu moja ni vinkristini, doksorubisini na saiklofosfamaidi. Inayofuata ni ifosfamaidi na etoposaidi, siku tano mfululizo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa wale ambao ugonjwa haujasambaa, kuongeza hizo dawa mbili za mwisho kulipandisha walio hai baada ya miaka mitano kutoka asilimia 61 hadi 72. Mwingine wa mwaka 2012 uliuliza: je, dawa zilezile zikitolewa kila wiki mbili badala ya tatu? Baada ya miaka mitano, waliokuwa hawajapatwa tena na tatizo walikuwa asilimia 73 kwa wa wiki mbili na 65 kwa wa wiki tatu. Dada akauliza hapohapo, hao walikuwa na umri gani? Daktari akakiri kwamba utafiti ulipokea watu hadi miaka 50 lakini waliozidi 18 walikuwa wachache, na kwamba wakubwa kwa ujumla hupata matokeo mabaya kuliko watoto katika ugonjwa huu. Sehemu ya sababu iko kwenye ugonjwa wenyewe. Sehemu nyingine iko kwenye namna tunavyotibiwa: tunachelewa kugunduliwa, tunapunguziwa dozi, tunaahirishiwa tarehe.

Akatoa mfano wa saratani ya damu ya limfu, ambayo nayo ni ya watoto zaidi. Mwaka 2008 Wamarekani walilinganisha vijana wa miaka 16 hadi 20 ambao wengine waliangukia kwa madaktari wa watoto na wengine kwa wa watu wazima. Ugonjwa mmoja, umri mmoja. Baada ya miaka saba walio hai walikuwa asilimia 67 upande wa watoto na 46 upande wa pili. Si jaribio la kupiga bahati nasibu nani aende wapi, ni kulinganisha makundi mawili baada ya tukio, kwa hiyo lina mapengo yake. Lakini ukiwa na miaka 23 na umeshapoteza wiki mbili nyumbani ukifurahia usingizi, tofauti hiyo huisomi kama mtafiti.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile huruma ya kunipumzisha haikuwa huruma. Katika mpango wa watoto hakuna anayengoja upone vizuri. Wanangoja namba mbili tu: nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, zifike 750, na chembe sahani, zinazogandisha damu, 75,000. Zikifika, unaanza, hata kama midomo bado ina vidonda na umechukia harufu ya mlango wa wodi. Dada alichora namba hizo kwenye daftari lake, mstari mwekundu na wa bluu, na kila alfajiri ya kipimo alipiga simu maabara kabla sijaamka. Ili damu ipande haraka nilijichoma mwenyewe sindano ya filgrastimu tumboni kila siku, kuanzia siku moja baada ya kila mzunguko. Hiyo huamsha uboho kwa nguvu, na uboho ukiamka mifupa huuma: mgongo, nyonga, hata kifua kikapiga kama ngoma. Mara ya kwanza nilidhani saratani imesambaa, nikalia. Ilikuwa dawa inafanya kazi.

Doksorubisini ni nyekundu kama sharubati. Muuguzi aliyenipa mara ya kwanza upande wa watoto hakuiunganisha akaondoka. Alivuta kiti, akakaa, akasukuma bomba kidogo, akavuta nyuma mpaka damu ikaonekana kwenye mrija, akasukuma tena kidogo, akavuta tena. Hakunyanyua macho hata mara moja. Nikamuuliza mbona anarudirudi. "Kaka, hii ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama," akasema. "Nataka kuiona damu yako kila hatua." Jioni mkojo wangu ukawa mwekundu na hakuna aliyeshtuka isipokuwa mama.

Siku ya tatu ya ifosfamaidi, katika mzunguko wa nne, nilipotea. Mimi sikumbuki chochote; dada ndiye aliyenisimulia. Anasema nilikuwa nakunja kona ya shuka, nakunjua, nakunja, na aliponiuliza leo siku gani nikamjibu jina la timu ya mpira. Wangeweza kusema amechoka, alale. Muuguzi aliita daktari papo hapo, dripu ikasimamishwa, nikachomwa dawa ya bluu, bluu kweli ya wino, na kesho yake nikaamka nikiwa mimi, mkojo wa kijani. Ifosfamaidi hugusa ubongo kwa baadhi ya watu, hugusa figo, na hukwaruza kibofu, ndiyo maana hutolewa pamoja na mesna, dawa ya kukinga kibofu, na maji mengi, na unaamshwa usiku ukojoe hata kama hutaki. Anayekaa na mgonjwa wa dawa hii ajue kuuliza maswali ya kijinga: leo siku gani, tuko wapi, mimi nani.

Kosa moja ni langu mwenyewe na simsingizii mtu mwingine. Wiki ya pili nyumbani nilipata homa, kipimajoto kikasoma 38.4. Nilikuwa nimeambiwa mara kumi kwamba 38 ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, tena usimeze cha kushusha homa kwanza maana kitaficha moto bila kuuzima. Ilikuwa usiku, mama amelala kwa mara ya kwanza katika siku tatu. Nikameza parasetamoli mbili nikavuta shuka. Asubuhi presha yangu ilikuwa chini kiasi kwamba nesi alibadilisha mashine akidhani imeharibika. Bakteria walikuwa ndani ya damu. Nilikaa wodini siku tisa, na zile siku tisa zilichelewesha mzunguko uliofuata, jambo lilelile ambalo tulikimbia upande wa watu wazima ili lisitokee.

Vinkristini ndiyo iliyonitesa kimyakimya. Taya liliuma nikitafuna, vidole vikafa ganzi mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya shati, na choo kikagoma siku sita kwa sababu nilidharau ile dawa ya kukilainisha. Daktari alisema sisi wakubwa huumizwa na dawa hiyo kuliko watoto wadogo. Nilimwona yule binti wa dripu akikimbia kwenye korido siku mbili baada ya dozi yake, nami natembea nimeshika ukuta.

Nisiwapambe watu wa jengo la watoto kupita kiasi. Ugonjwa wangu walikuwa wanaujua kama kiganja chao, mimi hawakunijua. Daktari alisimama mbele ya kitanda changu akamuuliza mama, "Amekula? Amepata choo?" nami nipo, nina miaka 23, nina funguo za chumba changu mfukoni. Siku ya kwanza fomu ya ridhaa ilikuwa na mstari mmoja tu wa sahihi, "mzazi au mlezi", na nesi akampa mama kalamu. Mama akanitazama. Nikaichukua, nikayafuta yale maneno kwa mstari, nikaandika "mwenyewe". Nesi akacheka kidogo akasema sawa. Taa zilizimwa saa mbili usiku. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kazi yangu, ambayo niliipoteza mwezi wa nne, wala kama nina mchumba. Mwenzangu wa karibu kwa umri alikuwa kijana wa miaka 19 mwenye sakoma ya misuli, nayo ya kitoto vilevile, chumba cha mwisho wa korido. Tuliandikiana usiku kucha kwa simu, upuuzi mtupu, kwa sababu kwa kinywa hakuna aliyejua aanzie wapi.

Na kuna jambo moja ambalo bila mlango wa watu wazima lingenipita. Kabla ya dozi yangu ya kwanza kabisa, yule daktari wa "wawili" aliwatoa nje mama na dada akaniuliza kama nimefikiria kuzaa. Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba saiklofosfamaidi na ifosfamaidi huweza kuua uwezo huo moja kwa moja, na kwamba mbegu huhifadhiwa kabla ya dawa, si baada yake. Kwa wanawake huvunwa mayai au kuhifadhiwa kipande cha ovari, na huchukua muda zaidi, kwa hiyo swali lao ni la haraka kuliko letu. Kesho yake nilikuwa kwenye chumba kidogo chenye kiti cha plastiki na kikopo chenye jina langu, homa kidogo mwilini, nikijaribu kuwaza jambo lolote lisilo hospitali. Sitaeleza zaidi. Mama alikuwa ananingoja ukumbini na alijifanya anasoma.

Baada ya mizunguko sita nilipasuliwa. Mfupa ule mwembamba una heri yake: unaweza kuutoa karibu wote na mtu akatembea, na madaktari huuchukua hata kutengenezea taya la mtu aliyepoteza la kwake. Balaa ni mshipa wa fahamu unaozunguka kichwa chake pale chini ya goti, ule unaoinua unyayo. Wangu haukuokoka. Walipopima uvimbe uliotolewa, chembe zaidi ya tisini kwa mia zilikuwa zimekufa kwa dawa, na daktari wa upasuaji, mtu mkavu, alinipa mkono. Kwa ajili ya lile kovu la kukingama nikaongezewa siku 28 za mionzi, kisha kemo iliyobaki mpaka mzunguko wa 14.

Ninavaa gango jepesi la plastiki ndani ya kiatu ili unyayo usiburute, kwa hiyo hununua viatu vya namba moja zaidi. Sichezi tena mpira, ila huwa refa wa watoto wa mtaani, nachechemea katikati ya uwanja na filimbi. Moyo hupimwa kwa altrasaundi kila baada ya muda, kwa sababu doksorubisini ina kikomo cha kiasi mtu anachoweza kupewa maishani na deni lake huweza kudaiwa miaka mingi baadaye. Ninatembea na karatasi moja yenye dawa zote nilizopewa na jumla ya kila dozi. Niliidai siku ya mwisho, sikuletewa, nikaidai tena. Madaktari wawili nimewakuta tangu hapo ambao hawakuamini mtu mzima amepewa dawa hizo mpaka walipoisoma.

Miaka miwili baada ya matibabu nilifanya kipimo cha uzazi, na hawakuona mbegu hata moja. Kilichopo ni kile cha kikopo. Kila mwaka huja barua kuuliza kama kiendelee kuhifadhiwa, yenye visanduku viwili, ndiyo na hapana, na mstari wa sahihi. Siku zote nimeweka alama kwenye ndiyo jioni ileile nikairudisha kesho yake. Ya mwaka huu ina wiki ya pili juu ya meza. Mchumba wangu ameiona. Ameisogeza mara mbili akifuta vumbi na kuirudisha palepale. Jana nimemwomba Jumapili tukae tuijaze pamoja. Akauliza kalamu iko wapi.